Mji Usiojua Bamvua

Asubuhi yangu ya kwanza Arendal niliamka alfajiri, nikaswali, nikashuka bandarini kungoja maji yatoke. Ni mazoea. Mtu aliyezaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, hapimi siku kwa saa ya ukutani, huipima kwa maji. Ukijua jana yametoka saa ngapi, unajua leo utapita wapi kwa miguu na wapi kwa mashua, na kama mafundi watapata nafasi ya kushika kazi chini ya chombo. Nikakaa ukingoni mwa gati, nikakodolea macho mstari wa kijani wa mwani kwenye nguzo. Saa nzima ikapita, na nusu saa juu yake. Mstari uko palepale, maji yako palepale.

Nilidhani nimekosea hesabu. Usiku wake mwezi ulikuwa mpevu, na kwetu mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa mpaka kwenye ngazi za misikiti ya ufukweni, kisha hukimbia na kuacha mashua zimelala ubavu matopeni. Tofauti ya kujaa na kutoka hukaribia mita 3. Kulikuwa na mzee akiipanga kamba ya mashua yake, nikamuuliza maji hutoka saa ngapi. Swali langu hakulielewa. Nikalirudia kwa mikono, nikionyesha kupanda na kushuka. Akanieleza kwa upole kwamba Skagerrak, bahari iliyo mbele ya mji wao, hupanda na kushuka kwa kimo kidogo tu kama upana wa kiganja au zaidi kidogo, na mara nyingi upepo na hali ya hewa ndivyo vinavyoyasogeza maji kuliko mwezi. Nilichota maji kwa mkono nikaonja. Hata chumvi yake ni hafifu, kwa sababu maji ya Baltiki, yanayopokea mito mingi, hutoka kwa kupitia pwani hiyo.

Nilikuwa nimekwenda kwa kazi, mwisho wa Agosti, siku 9. Kazi yangu ni ramani za mikoko, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lina mshirika katika mji huu mdogo wa Norwei tangu mwaka 1989, nacho ni kituo kiitwacho GRID-Arendal. Kwa hiyo njia ya kutoka Nairobi kwenda Arendal inapitwa na watu wa mazingira kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Shughuli yenyewe ilikwisha vizuri na sina la kuisimulia. Nataka kuusimulia mji, na pamoja nao daftari tatu za babu yangu nilizozichoma moto nikiwa na miaka 19.

Nilipata chumba Tyholmen, mtaa wa kale ulioota juu ya ulimi wa jabali unaoingia bandarini. Nyumba zake ni za mbao, karibu zote nyeupe, zimebanana kama zinavyobanana nyumba za mawe za Langoni na Mkomani, mitaa ya kale ya mji wa Lamu. Zamani mji mzima ulikuwa juu ya visiwa vidogo, na mifereji ya maji ikipita katikati. Moto ulikuja mwaka 1863, ukarudi mwaka 1868, na baada yake mifereji ikafukiwa ikawa barabara. Tyholmen ilisalimika. Katikati yake lipo jengo refu la mbao la miaka ya 1810, lililojengwa na mfanyabiashara kuwa nyumba yake, baadaye likawa ukumbi wa mji. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Sijapata kuona mbao zimepandishwa juu kiasi kile bila jiwe.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka 80 na ushei, mjane wa baharia. Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake tu, kama wanavyofanya wote huko, hata mwanafunzi kwa mwalimu wake. Ulimi ulinigoma. Nikamwomba ruhusa nimwite Mama, nikamweleza kwamba kwetu mtu wa rika lake haitwi jina kavu. Alifikiri kidogo, akasema watoto wake wako mbali na ni muda hajaitwa hivyo kila siku. Tangu hapo nikawa mtu wa nyumbani. Jioni, jua likichelewa kuzama mpaka saa mbili na nusu usiku, tuliketi jikoni, yeye na kahawa yake, mimi na chai niliyokuja nayo kutoka Kericho, naye akinifundisha mji wake.

Mji huo, alisema, uliletwa na mto. Mto Nidelva unashuka kutoka misituni, na kwa mamia ya miaka magogo yalielea ndani yake mpaka baharini. Waholanzi walikuja kuyanunua kwanza, na Waingereza nao wakaja. London ilipoungua mwaka 1666, ilijengwa upya kwa mbao nyingi za Norwei, na mpaka leo Wanorwei husema babu zao waliota vizuri ule moto wa London. Wauza mbao wakaona heri wawe na meli zao wenyewe. Misitu ilikuwa yao, mafundi walikuwapo, na vijana wa visiwani walikuwa wamezaliwa na kasia mkononi. Kufika miaka ya 1880 Arendal ulikuwa mji wa kwanza Norwei kwa meli za matanga, na Norwei yenyewe ilikuwa ya tatu duniani kwa meli za biashara, nyuma ya Uingereza na Marekani. Nchi yenye watu wasiofika milioni 2!

Nilimwambia hadithi hiyo naijua, isipokuwa kwetu magogo yalikuwa boriti. Boriti za mikoko zilikatwa Lamu, zikapakiwa majahazini, zikaenda na kusi mpaka Arabuni na Ghuba, mahali pasipo na miti ya kuezekea. Urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana wa vyumba vya nyumba za kale, huko kama kwetu. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 1982, mikoko ikiwa imekwisha kukatwa sana. Babu yangu aliifanya kazi hiyo maisha yake yote. Alikuwa nahodha.

"Aliandika barua?" akaniuliza.

Nilimjibu hakuwa mtu wa barua. Sikumwambia zaidi siku hiyo.

Siku ya nne ilikuwa ya mapumziko, nikapanda boti ndogo kutoka Pollen, ile bandari ya ndani, kwenda kisiwa cha Merdø. Hakuna gari Merdø. Kuna nyumba chache nyeupe, bustani, njia za majani, na ghuba tulivu ambayo katika enzi ya matanga ilikuwa na shughuli kuliko mji wenyewe. Meli zilizotaka kutoka zilingojea hapo upepo mzuri, na zilizokuja ziliwangojea marubani wa kuzipitisha kwenye miamba. Wangeweza kungoja siku, wangeweza kungoja wiki kadhaa. Nilipoelezwa hayo nilijiona niko Shela, kisiwani kwetu. Kungojea upepo ni kazi, na mabaharia wote wa matanga duniani waliifanya: kushona tanga, kusuka kamba, kugombana, kuoa.

Kilichonishika zaidi Merdø kilikuwa mawe. Meli zilizokuja kuchukua mbao zilikuja tupu, na chombo kitupu hupinduka, kwa hiyo zilijaza mawe na mchanga ngamani katika bandari walikotoka, zikaja kuyamwaga huku kabla ya kupakia. Kwa njia hiyo mawe ya nchi za watu yakawa sehemu ya kisiwa, na mbegu zilizofichamana katika mchanga zikaota, kukawa na maua ambayo asili yake si Norwei. Mtu hakukusudia kuyaleta wala kuyaandika. Yalikuja kwa sababu chombo kilihitaji uzito. Huo uwiano wa meli na ardhi niliupenda, nikaokota jiwe moja, nikalitazama, nikalirudisha.

Nyumba moja kisiwani imefanywa makumbusho, Merdøgaard. Humo unaona jinsi nahodha wa zamani alivyoishi, au tuseme mke wa nahodha alivyoishi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa safarini. Wanawake wa visiwa hivi ndio waliokamua ng'ombe, waliopanda viazi, waliozika watoto, na kusaini karatasi. Na ziko habari za miaka ya 1807 mpaka 1814, wakati Denmaki na Norwei zikiwa ufalme mmoja na vita na Uingereza vikiendelea. Manowari za Kiingereza ziliziba bahari, nafaka hazikuingia, watu wakachanganya magome ya miti katika unga. Wanaume wa pwani hiyo walipiga makasia katika mashua zisizo na sitaha kuvuka Skagerrak mpaka Denmaki kutafuta shayiri. Kilomita zaidi ya 100, usiku, wakikwepa manowari. Wengine walirudi na magunia. Wengine walikamatwa wakapelekwa magereza ya Uingereza.

Kuanguka kwa mji nilisimuliwa kwa maneno machache, na wenyeji hawapendi kukaa hapo. Dunia ilihamia kwenye chuma na mvuke, wao wakabaki na mbao na matanga, kwa sababu matanga yalikuwa yamewatajirisha. Fedha za wajane na mabaharia zilikuwa benki. Mwaka 1886 ikadhihirika kwamba Arendals Privatbank, iliyoaminiwa kuliko zote, ilikuwa tupu, na kwamba vitabu vyake vya hesabu vilikuwa vikisema uongo kwa muda mrefu. Ilianguka na kuangusha nyingine. Wenye meli walifilisika, mafundi wakakosa kazi, watu wengi wakapanda meli kwenda Marekani wasirudi. Mwaka uliofuata, 1887, katika mji huohuo wenye njaa, kikaundwa Chama cha Wafanyakazi cha Norwei. Mama alisema bibi yake alikuwa mtoto wakati ule, na mpaka anakufa hakuwahi kuweka senti benki.

Sasa nije kwenye makumbusho makubwa, yaitwayo KUBEN, nje kidogo ya katikati ya mji. Ni makumbusho na hifadhi ya nyaraka chini ya paa moja. Mwanzo wake ni mwaka 1832, shuleni, ambapo watu wa mji walikubaliana kukusanya vitabu na vitu, na manahodha wakawa wanaleta walichokipata katika bandari za dunia. Mji wa watu wachache sana, miaka 190 iliyopita, ukaamua kwamba kinachorudi na meli kisipotee. Nilikwenda nikidhani nitaona mifano ya meli na dira za shaba. Niliziona. Kisha nikaingia chumba cha Fredensborg.

Fredensborg ilikuwa meli ya Denmaki na Norwei. Iliondoka Copenhagen mwaka 1767, ikaenda mpaka ngome ya Christiansborg, Accra ya leo, na ikakaa pwani ile miezi ikinunua watu. Mwezi wa nne mwaka 1768 iling'oa nanga na watu 265 waliofungwa. Ikavuka Atlantiki mpaka St. Croix, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Denmaki. Si wote waliofika hai. Waliofika waliuzwa. Meli ikapakia sukari na bidhaa nyingine za mashambani, ikaanza safari ya kurudi nyumbani. Tarehe 1 Desemba 1768, katika dhoruba, ikatupwa kwenye miamba ya Tromøy, kisiwa kikubwa kinachoukinga mji wa Arendal na bahari ya wazi. Ikavunjika. Wote waliokuwamo wakati huo wakafika nchi kavu salama, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika wawili, watumwa, waliokuwa wakipelekwa Copenhagen.

Kwa miaka 200 watu wa Tromøy walivua samaki juu ya mabaki hayo. Mwezi wa Septemba mwaka 1974 wapiga mbizi watatu, Leif Svalesen na wenzake wawili, wakaikuta. Hawakuikuta kwa bahati peke yake. Nahodha, katika kuvunjikiwa kule, aliokoa kitabu cha safari na karatasi za meli, navyo vikahifadhiwa Denmaki. Mle imeandikwa siku kwa siku: upepo, mwendo, nani amenunuliwa, nani ameugua, nani amekufa na kutoswa. Kwa maandishi hayo wapiga mbizi walijua ilipovunjikia, na walipotoa pembe za ndovu chini ya maji walijua ni pembe za nani, zimetoka wapi, na zilisafiri pamoja na akina nani.

Pembe zenyewe zimo makumbushoni. Miaka 200 na zaidi baharini imezifanya ziwe na rangi ya kahawia. Nilizitazama na mwili ukanisisimka, kwa sababu pembe na watumwa ni maneno mawili ambayo mtoto wa pwani yetu huyasikia pamoja. Bagamoyo, Kilwa, Unguja, Lamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kwenye pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Mashamba ya bara yaliyoilisha Lamu yalilimwa na watumwa. Vyombo vyetu navyo vilibeba watu. Si meli za Wazungu peke yake. Jahazi nililofundishwa kulipenda, lenye mato, yaani macho, yaliyochongwa na kupakwa rangi omoni, lina ndugu zake waliobeba watu kwenda Arabuni, na nyumbani hilo husemwa kwa sauti ya chini, kama halikunyamaziwa kabisa. Zipo familia ambazo hadi leo huwekewa alama kwa asili zao mtu anapokwenda kuposa.

Nilichokiona Arendal ni mji unaojivunia bahari kwa kila jambo lake na ambao haukuificha Fredensborg. Watoto wa shule walikuwamo chumbani, miaka 10 hivi, na mwalimu wao akiwasomea idadi: 265. Hakupunguza sauti. Nadhani nilimwonea wivu mwalimu yule. Nimekwenda shule Lamu miaka 12, na majahazi tulichora, nyimbo zake tuliimba, wala sikusomewa idadi yoyote.

Jioni hiyo nilishindwa kula. Mama akaona. Nikamwambia habari ya daftari.

Babu alipofariki, sanduku lake la msaji lilifunguliwa. Nguo zikagawiwa, dira akachukua ami, na chini kabisa kulikuwa na daftari tatu nene. Alikuwa ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa haraka. Chuoni nilisoma Kurani, irabu zote zimetiwa, herufi zimenyooka. Ule mwandiko wa babu sikuweza kuuingia. Mchwa walikuwa wameanza pembeni. Niliagizwa nisafishe chumba. Ami alisema, ukiona hazina maana toa. Nikaona hazina maana. Nilizitia kwenye moto pamoja na makuti chakavu ya banda, zikaungua pole pole kama zinavyoungua karatasi zilizoshikana, na nikazichochea kwa mti ili ziishe.

Miaka 20 na zaidi nilikuwa nimejiambia zilikuwa hesabu za duka. Ndani ya chumba kile cha Fredensborg nilitambua zilikuwa nini. Nilikumbuka mistari yake: upande mmoja tarehe, katikati maneno mafupi, upande wa pili nambari. Siku kwa siku.

Mama hakunipa pole za haraka. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kasha la bati. Marehemu mume wake alisafiri na meli za mizigo tangu akiwa na miaka 16, na kutoka kila bandari aliandika. Barua zote zimepangwa kwa mwaka, zimefungwa kwa utepe. Alitafuta muda mrefu, akivaa na kuvua miwani, mpaka akatoa moja, ya mwaka 1964. Ilikuwa imeandikwa Kilindini, Mombasa. Akanisomea kwa Kinorwei kwanza, taratibu, kana kwamba ningeelewa, kisha akanitafsiria. Joto. Mvua ya ghafla. Embe alizonunua na bei yake. Mwenzao aliyelazwa kwa malaria. Na mistari mitatu kwamba walipokuwa wakiingia walipishana na jahazi la matanga lililojaa miti mpaka juu, na kwamba lilikuwa na macho mbele, likiwatazama.

Majahazi ya mato yalikuwa mengi mwaka 1964. Sitaki kusema zaidi ya inavyosema barua. Lakini kwa usiku mzima sikulala, na barua hiyo Mama aliniruhusu niipige picha.

Siku ya mwisho nilitembea Tromøy mpaka Gitmertangen, ilipovunjikia Fredensborg. Sasa ni ndani ya hifadhi ya taifa ya Raet, iliyotangazwa mwaka 2016. Barafu ya kale, ilipokuwa ikirudi nyuma kuelekea bara, iliacha hapo tuta refu la mawe, na mawimbi yakayaviringisha mpaka yakawa laini kama mayai. Kutembea juu yake ni taabu, kila hatua mawe yanaitika chini ya mguu. Kwa mbali unaona mnara wa taa wa Store Torungen, uliowashwa mwaka 1844, miaka 76 baada ya ajali ile. Nilifikiria wale Waafrika wawili. Desemba, theluji bila shaka, mawe haya, na mtu kutoka pwani yenye joto anatambaa nje ya maji yaleyale yaliyombeba kama mzigo. Nikawasomea Fatiha. Sikujua dini yao, lakini sikuwa na kingine cha kuwapa, na sikudhani palikuwa na mtu mwingine aliyekwisha kuwapa.

Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilirudi Lamu mwezi wa tisa. Ijumaa ya kwanza, baada ya swala, nilikwenda Matondoni kwa mzee aliyekuwa serahangi wa babu, mkuu wa mabaharia chini ya nahodha. Ana miaka 80 na kitu, macho yamepata ukungu, mikono bado inajua kusuka kamba. Nikambusu mkono, nikakaa chini ya mwembe karibu na banda la mafundi. Nilitoa simu nirekodi.

"Weka hiyo," akasema. "Huna kalamu?"

Nilikuwa nayo. Nikamwambia nimetoka kwenye mji wa mabaharia, Ulaya ya kaskazini, nikamsimulia nilichokiona, pamoja na Fredensborg, pamoja na 265, na sikupunguza sauti. Alinyamaza. Akasema kuna mambo aliyoyasikia kwa babu yake mwenyewe kuhusu vyombo vya zamani, na kwamba kama kweli naandika, atayasema, ila si leo, na si mbele ya watu. Kisha nikamwambia kuhusu daftari. Alikuwa akijua. Alikuwa akijua miaka yote hiyo, na hakuwahi kunikemea.

"Yaliyokuwamo mengine ninayo," akasema. "Tulikuwa tukiyasoma pamoja, ndani ya chombo, ili asikosee."

Nilipomweleza kuwa huko maji hayatoki, alishtuka kuliko kwa jambo lolote jingine. Alinitaka nirudie. Akauliza: basi walipaka deheni, yale mafuta ya kuukinga ubao, vipi? Chombo cha mbao lazima kipandishwe pwani, maji yatoke, ukichome mwani, ukitie kalafati, upake deheni, kabla maji hayajarudi. Bila maji kutoka, chini ya chombo unafikaje?

Sikuwa na jibu. Nilimwandikia Mama barua, ya karatasi, nikaitia posta ya Lamu. Jibu lilichukua wiki 5. Aliuliza kwa wazee wake, akanichorea na picha: chombo hufungwa kandokando ya gati, kamba nene hutoka kwenye milingoti mpaka kwenye magurudumu ya kuvutia, watu huvuta mpaka chombo kilale ubavu na mkuku uonekane juu ya maji. Upande mmoja ukiisha, wanakigeuza upande wa pili.

Nilimsomea serahangi barua hiyo chini ya mwembe. Aliusogeza mchoro karibu na jicho lake zima zaidi, akaufuata kwa kidole, mlingoti, kamba, mkuku.

"Wale walikuwa watu wa kazi," akasema. Akanirudishia karatasi, akaninyooshea kidole kwenye daftari langu, ambalo lilikuwa limefika ukurasa wa 41. "Haya. Kaskazi ilikuwa imeshika, tumetoka Lamu, twaenda Mombasa. Tulikuwa tumefika wapi?"

"Ras Tenewi," nikamwambia.